Kabla Hujaingia Mazizi ya Mokaya

Nyansiongo, Jumapili alasiri

Mwanangu Orina,

Mama yako ameshakwambia yote ya blanketi, ya sabuni na ya kutokula vya watu usiowajua, nami siyarudii. Nimemsikia tangu asubuhi, na wewe umekuwa ukimjibu "ndiyo, mama" hata pale ambapo husikii. Mimi nimekaa hapa nyuma ya ghala la pareto, nikikutazama unavyomsugua yule farasi wetu mzee wa kukokota maziwa kana kwamba kesho anakwenda mashindanoni. Hujui kama nakuona. Una mkono mzuri. Sikukufundisha mimi, na hilo linaniuma kidogo.

Nakuandikia kwa Kiswahili maana ndiyo lugha niliyojifunzia kuandika, nikiwa saisi, mtunza farasi wa mzungu, nikiandika majina ya farasi kwa chaki kwenye milango yao. Kwa Ekegusii ningesema kwa mdomo, na nikisema nitakasirika, na nikikasirika utainamisha kichwa kama kawaida yako, halafu utaondoka bila kujua lolote.

Kesho asubuhi baba yako mdogo Mokaya anakuja kukuchukua. Utakaa kwake Nairobi na kujifunza kupanda farasi wa mbio. Umelitaka mwenyewe na nimekubali. Lakini miaka yote hii jina lake halijatajwa ndani ya nyumba yetu, na hujawahi kuniuliza kwa nini. Nadhani najua sababu. Ulipokuwa shule ya msingi ulirudi siku moja shati limechanika na mdomo umevimba, ukamwambia mama yako umeanguka. Baadaye nilipata habari kamili. Mtoto wa jirani alikwambia kwamba baba yako alifukuzwa kwenye mbio kwa udanganyifu. Ulinipigania, Orina, kisha hukuthubutu kuniuliza kama ni kweli. Leo nakujibu.

Si kweli. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Nilitoka kwetu Birongo nikiwa kijana kuliko ulivyo sasa, nikaja huku kutafuta kazi. Wakati huo nchi hii yote ya Borabu ilikuwa ya wazungu. Niliajiriwa na mmoja aliyefuga farasi wa mbio, mtu mkali, mwenye kelele, lakini aliyewajua wanyama wake. Nilianza kwa kuzoa mavi. Nikaendelea kuwalisha, kuwatembeza, mwishowe kuwapanda alfajiri, na kila alichokifanya yule mzungu nilikitazama mpaka nikakijua. Alikuwa hanifundishi, ila pia hakunifukuza nilipotazama.

Uhuru ulipofika, mashamba yakakatwa vipande na kugawiwa watu wetu. Mzungu akafungasha. Farasi wake wengi walichukuliwa na rafiki zake, wakabaki majike wawili ambao hakuna aliyewataka, mmoja akiwa na mimba. Asubuhi moja alinikabidhi bunduki, akaniambia niwapeleke nyuma ya miti. Alikuwa anatazama pembeni. Nikamwambia, "Bwana, usiwaue. Niachie mimi."

"Utawalisha nini?" akaniuliza.

"Nitawalisha wanachokula."

Akacheka, lakini akachukua bunduki yake na kuondoka. Hivyo ndivyo nilivyopata farasi. Na kipande cha shamba chenye mazizi nilikipata kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Watu walitaka udongo wa kulima, na hapa palikuwa na sakafu ya mawe na ua uliokanyagwa mpaka ukawa mgumu kama barabara.

Majirani walinicheka sana. Wao walikuwa wameingiza ng'ombe wa maziwa wa kizungu. Mzee mmoja alikuwa akipita hapa kila asubuhi na madebe yake, akiniuliza kwa sauti, ili wote wasikie, kama nimeshamaliza kukamua farasi. Mama yako alikuwa ameolewa karibuni. Hakucheka, lakini hakuelewa pia. Alipanda pareto na viazi, na ndivyo vilivyotulisha.

Mama yetu alipofariki nilikwenda Birongo kumzika, nikarudi na Mokaya. Baba alikuwa ametangulia zamani, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumlea. Alikuwa mwembamba, mwenye masikio makubwa, na usiku wa kwanza alikataa kulala ndani, akalala kwenye majani makavu karibu na farasi. Mama yako alimlea kama mtoto wake wa kwanza kabla hujazaliwa. Nakwambia haya kwa sababu utakapomwona amevaa suti na miwani yake, ni vyema ujue kwamba mama yako aliwahi kumtoa funza miguuni.

Yule jike mwenye mimba alizaa siku ya mvua ya mawe, mawe yale yanayochana majani ya migomba yakabaki nyuzi. Mabati yalilia mpaka hatukuweza kusikizana. Mokaya alishika kichwa cha jike, mimi nikavuta, akatoka mtoto wa kike, mwekundu, mwenye miguu mirefu kupita kiasi. Tukamwita Mvua.

Sijui nikufafanulie vipi alivyokuwa Mvua. Nimewahi kufundisha farasi wenye nguvu kumzidi na wenye damu bora. Lakini ukimpa mteremko aliukataa, ukimpa mlima aliufurahia. Tulimkimbiza kwenye njia ya kupanda kutoka mtoni hadi kilele kile ambapo sasa kuna kanisa, asubuhi kabla ukungu haujaondoka, Mokaya juu, mimi nikisubiri kileleni. Nilimsikia kabla sijamwona. Nikisikia pumzi yake tu nilijua leo yukoje.

Tulimpeleka Nakuru kwa lori la kubebea mahindi. Watu walimtazama, wakatutazama, wakaenda kuwawekea wengine pesa zao. Akashinda. Tukampeleka tena, akashinda. Kisha Nairobi. Wenye farasi wakaanza kuuliza huyu anafunzwa na nani, na wakaambiwa kuna Mkisii mmoja huko milimani ana njia yake. Wakaja hapa, Orina, Wazungu na Wahindi, magari yao yakikwama kwenye matope yetu, majirani wakiyasukuma. Waliniletea farasi walioshindikana. Mazizi yakajaa. Nikapewa leseni ya ukufunzi, na katika miaka ile waliokuwa na ngozi kama yetu na leseni ile ungeweza kuwaweka kwenye benchi moja. Yule mzee wa madebe aliacha maneno yake, akamleta kijana wake nimwajiri.

Mbio zilipoangukia Sabato, mama yako alibaki na kwenda kanisani. Hata siku moja hakunizuia, na hata siku moja hakuniuliza kama nimeshinda mpaka jua lizame. Likishazama tu, alikuwa mlangoni.

Mokaya alikuwa mkono wangu wa kulia. Alikua mzito, akaacha kupanda, nikamfanya msimamizi. Alijifunza Kiingereza kizuri kuliko changu. Alizungumza na wenye farasi, mimi nikazungumza na farasi. Niliona tumekamilika. Gazeti lilipotaka picha, nilisimama mimi na Mvua, naye alikuwa nyuma ameshika ndoo. Sikuwahi kumwambia, "Njoo mbele." Simfichi hilo mtu yeyote. Halikunijia kichwani tu.

Kulikuwa na tajiri mmoja wa Nairobi mwenye mazizi makubwa, ambaye simtaji jina kwa sababu ameshakufa na watoto wake hawakunikosea. Alimtaka Mvua. Alikuja hapa, akanywa chai ya mama yako, nikamwambia Mvua hauzwi. Alikuja tena, nikamjibu vilevile. Mara ya mwisho hakuja kwangu. Alikwenda kwa Mokaya, na mimi sikujua.

Kisha ikafika siku ya kombe kubwa la mwaka. Kila mtu alimtarajia Mvua. Nilitoka kwenda kukagua uwanja kwa miguu, kama kawaida yangu, nikahisi udongo ulivyo kwenye kona. Nilimwacha Mvua na Mokaya. Farasi anayekaribia kukimbia hapewi maji mengi. Hilo mtoto wa saisi analijua, na wewe unalijua.

Niliporudi nikaanza kumtandika. Mkanda wa tandiko haukufika tundu lake la kila siku. Nikavuta tena. Haukufika. Nikamtazama Mokaya upande wa pili wa mgongo wa farasi.

"Amekunywa?"

"Hajanywa."

"Mbona tumbo liko hivi?"

"Ni majani ya jana, Baba Orina. Hajalala vizuri."

Nikaamini. Mikono yangu ilikuwa imeshaniambia ukweli, nami nikamwamini ndugu yangu kuliko mikono yangu. Nimeipitia dakika ile mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu, na kila mara naufikia mkanda ule na kila mara naufunga tundu la nje na kumpandisha joki.

Alianza vizuri, maana moyo wake ulikuwa mzuri. Kwenye kona akaanza kurudi nyuma. Farasi aliowazoea kuwaona nyuma yake wakampita mmoja mmoja, na wapanda farasi wao wakageuka kumtazama kwa mshangao. Alimaliza wa mwisho. Alifika kwangu miguu ikitetemeka, akaweka paji lake kifuani mwangu, na nyuma ya uzio watu walikuwa wakizomea. Waliokuwa wamepoteza fedha walinirushia maganda ya machungwa.

Wasimamizi wa mbio wakaita daktari wa wanyama, daktari akawaambia farasi amejazwa maji. Tukaitwa ofisini, mimi na Mokaya. Wazee watatu wa kizungu nyuma ya meza, na karani wao.

"Nani alimpa farasi maji?"

"Mimi, bwana," akasema Mokaya.

Nikashusha pumzi. Nikajua atasema amekosea, na mimi nitasema ni kijana, na tutapigwa faini, tutakwenda nyumbani.

"Kwa amri ya nani?"

Mokaya alimtazama karani akiandika. Kisha akasema, kwa kile Kiingereza chake kizuri, "Kwa amri ya ndugu yangu."

Nilifikiri nimesikia vibaya, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa cha mazizini. Nikamwita, "Mokaya." Hakugeuka. Nikamwita kwa Ekegusii, kwa jina alilokuwa akiitwa na mama yetu, ambalo hakuna mwingine aliyelijua chumbani mle. Shingo yake ilitikisika. Hakugeuka.

Walisema nimepanga na wacheza kamari ili farasi wangu ashindwe. Nilikana. Lakini nilikana kwa Kiswahili, nikipaza sauti, na yeye alikuwa ameshasema kwa Kiingereza akiwa ametulia. Leseni yangu ikachukuliwa siku ileile.

Nilirudi nyumbani na Mvua kwenye lori. Mokaya hakupanda. Mama yako alipomwona hayupo aliuliza kama ameumia.

Wenye farasi wakaja kuchukua farasi wao. Hawakunitukana. Ingekuwa afadhali wangenitukana. Waliongea kwa upole, kama watu walio msibani, wakifunga farasi kwenye magari. Nilikaa na Mvua peke yake kwa muda, lakini sikuruhusiwa kumkimbiza popote, naye alikuwa akisimama kwenye lango kila alfajiri akingoja kupelekwa mtoni. Farasi kama huyo kumweka bila kazi ni ukatili. Nikapata mnunuzi, bwana mmoja mwenye adabu, tukakutana hotelini pale Kisii mjini, akaniapia kwamba anamtaka kwa kuzalisha tu. Nikampa.

Haukupita muda nilikuwa dukani Keroka nikinunua misumari. Redio ilikuwa ikisoma matokeo ya mbio. Nikasikia jina la Mvua, ameshinda. Nikasikia jina la mwenyewe, yule tajiri. Halafu nikasikia jina la mkufunzi wake, na lilikuwa la ukoo wetu, ila halikuwa langu.

Muuza duka alisema, "Hongera, mzee! Si huyo ndugu yako?"

Nikasema ndiye. Nikalipa misumari, nikatoka, nikatembea mpaka nyumbani. Ndipo nilipoelewa yule bwana wa hotelini alitumwa na nani, na Mokaya aliuza nini siku ya kombe na alilipwa nini. Mama yako alikuwa akipepeta mtama. Nilipomweleza, aliweka ungo chini, akasema, "Yule mtoto nilimpa ziwa la maneno yangu yote." Sikuelewa maana yake, na mpaka leo sijui kama yeye mwenyewe alielewa. Akaendelea kupepeta.

Ndiyo hayo. Milango ya mazizi niliing'oa nikaifanya kuni, nikageuza mahali pale kuwa ghala la pareto, nikabakiza farasi mmoja tu wa kukokota maziwa, na nikakataza mbio zisitajwe. Shangazi yetu alipozikwa Birongo, Mokaya alisimama upande mmoja wa kaburi na mimi upande mwingine, tukarusha udongo, tukaondoka kwa njia mbili. Wewe ulikuwa umenishika mkono. Labda unakumbuka.

Nilidhani nimeliua jambo hili ndani ya nyumba. Kumbe wewe ulikuwa ukimpanda yule farasi wa maziwa kule chini mtoni nikiwa shambani, bila tandiko. Wengine walijua. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua, na niliwahi kuwa wa mwisho kujua mara moja kabla, kwa hiyo unisamehe kwa jinsi nilivyopaza sauti siku nilipojua. Hasira ile haikuwa yako yote.

Sasa nikwambie alipokuja Mokaya, maana ulitumwa dukani na hukusikia. Aliegesha gari barabarani. Hakuingia. Alisimama nje ya lango nami nikasimama ndani.

"Baba Orina," akasema, "nimesikia kijana anapanda."

"Nani kakwambia?"

"Watu. Nipe nimfundishe. Ni mwepesi, na amekulia kwenye damu hii."

Nikamuuliza kama anajua anaongea na nani. Akavua miwani. Amezeeka, Orina, amezeeka kuliko mimi. Nikamwambia, "Niambie kwanza kwa nini. Nimeishi na swali hili, nipe jibu lake hapa langoni."

Alitazama ghala. Akasema, "Kila waliposhinda waliita jina lako. Hata waliponipongeza mimi, walisema, mwambie ndugu yako hongera. Yule tajiri alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza mimi nataka nini."

"Ungeniambia."

"Ungenicheka."

"Sijawahi kukucheka."

"Hujawahi," akasema. "Lakini pia hujawahi kuniuliza."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia akae chini ale. Sikufanya lolote kati ya hayo. Alisema, "Nilikosa," kwa sauti ndogo kama mtu anayetafuta kitu mfukoni, na mimi sikumjibu, kwa sababu neno hilo lingetakiwa kusemwa katika ofisi ile, mbele ya wazee wale, na sasa wengi wao wamezikwa. Akaniambia atapita kuchukua jibu. Akaondoka.

Jioni ile mama yako alikwambia alilotaka Mokaya, nawe ukaja mwenyewe, ukaniita baba kwa lugha yetu, "Tata, nataka kwenda." Hukusema zaidi. Nilikutazama nikaona huniombi. Unaniarifu. Nikatamani kukwambia kwamba unanifanya niuzwe mara ya pili. Nashukuru sikusema, maana lingekuwa neno baya, na lingekuwa la uongo. Wewe huniuzi. Wewe unafuata kitu ambacho nilikifuata mimi nikiwa kijana mwenye njaa kwenye shamba la watu.

Kwa hiyo nenda. Mokaya anajua kazi. Kwato, miguu, upumuaji, yote niliyajua na yote nilimpa, na ukimsikiliza utakuwa unanisikia mimi kwa mdomo wake, jambo ambalo litanichoma na kunifurahisha. Msikilize kwa habari ya farasi. Usimpelekee chuki yangu, hukuizaa wewe. Wala usimchunguze ili uje uniambie. Sitaki habari zake. Na wakikuambia siku moja umzuie farasi asishinde, awe ni yeye, awe ni mwenye mali, usibishane nao na usitoe hotuba. Shuka. Shuka tu, mkabidhi hatamu aliyesimama karibu, uondoke. Nyumbani kuna kitanda chako. Ukisikia mkono wako unakwambia jambo na mtu unayempenda anakwambia jingine, simama kwanza. Hilo ndilo pekee ninalolijua kwa hakika, na nililinunua ghali.

Kesho atakapokuja nitatoka nje. Nitampa mkono mbele yako, kwa sababu anakuchukua mwanangu na sitaki umwendee kama mtoto aliyetoroka. Usinitazame usoni kutaka kujua kama nimemsamehe. Sijamsamehe. Huenda nikaja kumsamehe, huenda nisije. Hilo si kazi yako na usilisubiri.

Tangu siku ile ya ofisini sijakanyaga tena uwanja wa mbio. Utakapopewa farasi kwa mara ya kwanza, umtumie mama yako habari, yeye ataniambia kama inavyompendeza. Mwambie baba yako mdogo asinitafutie kiti mahali pa wenye farasi. Nitakuja kwa basi, nilipe langoni kama watu wengine, nisimame kwenye uzio karibu na kona, ambapo mtu anaona vizuri. Wakiniuliza wa pembeni yangu yule kijana ni nani, nitawaambia.

Baba yako.